Baada ya talaka mtoto anakaa na nani, na nani analipa nini? Hatua kwa hatua, Tanzania Bara

Maswali ni yaleyale kila wiki. Mtoto akitimiza miaka saba baba anamchukua? Matunzo kisheria ni shilingi ngapi kwa mwezi? Nina karatasi ya talaka mkononi, bado niende mahakamani? Majibu mafupi: hapana, si moja kwa moja; hakuna kiwango kilichopangwa; na ndiyo, bado uende. Majibu marefu yako hapa chini.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya watoto na Mahakama za Kadhi, kwa hiyo usichukue hatua hizi ukazipeleka Unguja au Pemba.

Utakutana na sheria mbili: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zote zinaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu, na jambo hilo lina matokeo makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hakimu akifika kwenye suala la watoto haulizi tena nani alivunja ndoa. Anauliza mtoto huyu analala wapi, anakula nini, anasoma wapi, nani anamwogesha, nani anampeleka hospitali usiku. Watu wengi hupoteza kwa sababu walitumia saa nzima kueleza uzinzi na matusi ya mwenzao, wakabakiza dakika tano za mtoto. Andaa shauri la mtoto, si shauri la ndoa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Kama hakipo, anza RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo) kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Tangazo la kizazi la hospitali au kadi ya kliniki husaidia wakati unasubiri.
- Cheti cha ndoa, au barua na mashahidi wa ndoa kama mlioana kimila.
- Nakala ya hukumu na amri ya talaka kama ndoa ilishavunjwa na mahakama. Kama bado, utahitaji hati ya baraza la usuluhishi (hatua ya 2).
- Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji inayoonyesha unapoishi na unayeishi naye.
- Karatasi za shule: ripoti za maendeleo, risiti za ada au michango, barua za mwalimu. Angalia jina la mzazi anayejitokeza kwenye vikao, maana hakimu naye ataliangalia.
- Karatasi za hospitali na kadi ya bima kama ipo.
- Ushahidi wa kipato chako: hati ya mshahara, taarifa ya benki, taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, leseni ya biashara au daftari la mauzo.
- Chochote kinachoonyesha kipato cha mwenzako: mahali anapofanya kazi na cheo chake, gari, nyumba ya kupangisha, shamba, duka. Huna haja ya kujua mshahara wake hadi senti ya mwisho. Ukitaja mwajiri, mahakama inaweza kuagiza taarifa zitolewe.
- Orodha ya matumizi ya mtoto. Hii ina hatua yake peke yake hapa chini, kwa sababu ndiyo inayoamua kiasi.

Toa nakala tatu za kila karatasi: yako, ya mahakama na ya upande wa pili. Karatasi halisi usiziache kwa mtu yeyote; unazionyesha, zinalinganishwa, unarudi nazo.

Hatua

1. Jua unaingilia mlango gani.

Kama ndoa bado haijavunjwa na mahakama, suala la watoto linaombwa ndani ya shauri lilelile la talaka. Unaweza kufungua Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Zote zina mamlaka ya mashauri ya ndoa. Wengi wetu tunaanzia Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa iko karibu na gharama yake ni ndogo.

Kama talaka ilishatoka mahakamani lakini hukumu haikusema lolote kuhusu watoto, au kama unachotaka ni matunzo tu bila talaka, nenda Mahakama ya Watoto. Si lazima liwe jengo la peke yake. Katika wilaya nyingi ni hakimu mkazi anayekaa kama Mahakama ya Watoto katika jengo la kawaida, na husikiliza faraghani bila watazamaji. Muulize karani: "Maombi ya matunzo na malezi ya mtoto yanasikilizwa wapi hapa?"

Kama amri ya watoto ipo tayari na unataka ibadilishwe, rudi kwenye mahakama iliyoitoa. Kufungua shauri jipya kwingine wakati amri ya kwanza bado inasimama ni njia ya haraka ya kufukuziwa maombi.

Kwa waliooana Kiislamu: karatasi ya talaka kutoka kwa shehe au BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) haimwamulii mtoto, na kwa Sheria ya Ndoa haitoshi peke yake kuvunja ndoa. Mahakama inahitaji uthibitisho kwamba baraza lilijaribu kusuluhisha likashindwa na kwamba baada ya hapo talaka ilitolewa kidini. Ndipo itatamka kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Papo hapo omba amri za watoto.

2. Pita baraza la usuluhishi wa ndoa (kama unaomba talaka).

Baraza ni la kata anakoishi mume, au la jumuiya ya dini yenu kama nyote ni wa jumuiya hiyo na ina baraza linalotambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, Fomu Namba 3, inayosema hivyo pamoja na matokeo ya kikao. Hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ikizidi hapo imekufa, unaanza upya.

Soma hati kabla hujaondoka. Baadhi ya mabaraza huandika barua tu ya "tumeshindwa" bila fomu, bila mhuri au bila majina kamili. Mashauri yamefika rufani na kufutwa yote, pamoja na amri za watoto, kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Kumrudisha mama au baba mwanzo baada ya miaka miwili kwa kosa la fomu ni uchungu usio na sababu, na unazuilika kwa dakika kumi za kusoma.

Sheria inaruhusu kuruka baraza katika hali chache. Miongoni mwake: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, aliitwa barazani akakataa kwa makusudi, au amefungwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano. Ukitumia mojawapo, ieleze kwenye maombi yako na uithibitishe.

Matunzo peke yake hayahitaji baraza. Mtoto hasubiri usuluhishi ili ale.

3. Jaribuni kukubaliana mbele ya afisa ustawi wa jamii, lakini msiishie hapo.

Ofisi ya ustawi wa jamii iko halmashauri, na kata nyingine zina afisa wake. Huduma ni bure. Afisa atamwita mwenzako kwa barua na kuwakalisha. Makubaliano mazuri yanataja: mtoto anakaa kwa nani; siku na saa za kumwona mzazi mwingine; likizo za Juni na Desemba zinagawanywaje; kiasi cha fedha, tarehe ya kulipa na namba ya simu au akaunti ya kupokelea; nani analipa ada, nani matibabu; na nini kinafanyika mtoto akilazwa ghafla.

"Baba atasaidia kadiri atakavyojaliwa" si makubaliano. Hakuna anayeweza kuyatekeleza.

Kosa kubwa hapa ni kuiweka karatasi ya ustawi kabatini na kudhani ni amri. Ni makubaliano tu, na mwenzako akiacha kulipa mwezi wa tatu huna cha kukazia. Yapelekeni mahakamani yaandikwe kuwa amri ya mahakama kwa maridhiano. Inachukua muda mfupi kuliko shauri la kubishaniwa, na tangu hapo karatasi ina nguvu.

Kama kuna kipigo au vitisho, usikae meza moja kutafuta maridhiano. Anzia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, chukua namba ya taarifa, kisha nenda mahakamani.

4. Piga hesabu ya mtoto.

Tenga muda kwa hatua hii. Sheria ya Mtoto inamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kupungua kwa uwezo wa mzazi kufanya kazi, watoto wengine anaowajibika nao, gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto. Pia inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla. Ukimpa hakimu namba zinazoeleweka atazitumia. Usipompa atakadiria, na makadirio huwa madogo.

Huu ni mfano wa mtoto mmoja wa darasa la nne, anayeishi na mama na mdogo wake katika nyumba ya kupanga. Namba ni za mfano, weka zako.

- Chakula: 3,500 kwa siku × 30 = 105,000
- Sehemu yake ya kodi: 120,000 ÷ watu 3 = 40,000
- Umeme na maji: 30,000 ÷ 3 = 10,000
- Nauli: daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 200 kila moja, siku 22 = 17,600
- Shule: sare na viatu 96,000, madaftari 48,000, michango 60,000 kwa mwaka; jumla 204,000 ÷ 12 = 17,000
- Matibabu: 120,000 kwa mwaka ÷ 12 = 10,000
- Mavazi: 72,000 kwa mwaka ÷ 12 = 6,000

Jumla ni 205,600 kwa mwezi. Kama baba anapata 900,000 na mama 300,000, mgao unaoendana na vipato ni robo tatu kwa baba, yaani 154,200, na robo kwa mama, 51,400. Sheria haimlazimishi hakimu kufuata hesabu hii, na Sheria ya Ndoa inaanza na wajibu wa baba kabla ya wa mama. Lakini ombi lenye hesabu ya namna hii ni gumu kulipuuza, hata mwenzako atashindwa aanzie wapi kulipinga.

Angalia mambo matatu. Vitu vya mwaka vigawanye kwa 12, usiviache nje kwa sababu havitokei kila mwezi. Sare na matibabu ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Gharama zako mwenyewe zitenganishe na za mtoto: saluni yako na mchango wa kikoba si matunzo ya mtoto, na vikionekana kwenye orodha vinaiharibia imani orodha yote. Na usiombe milioni moja kwa mtu anayepata laki tatu ukitegemea mtapunguziana katikati. Hakimu ataona hujui gharama za mtoto wako.

5. Andika maombi.

Kiswahili kinatosha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo karani anaweza kukusaidia kuandika madai. Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Watoto utahitaji fomu ya maombi na mara nyingi kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia. Hapo msaada wa kisheria unafaa. TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania), WLAC (Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada kwa wasio na uwezo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Ustawi watakuelekeza kwa aliye karibu.

Omba vitu vyote kwa kuvitaja kimoja kimoja: (a) kukaa na mtoto, (b) ratiba ya kumwona mzazi mwingine, (c) kiasi cha matunzo kwa mwezi na tarehe, (d) ada na matibabu, (e) zuio la kumtoa mtoto nje ya nchi kama una sababu ya kuhofia, (f) amri ya muda. Mahakama kwa kawaida haitoi ambacho hakikuombwa.

Katika sehemu ya kukaa na mtoto, jibu yale hakimu anayopimia:

*Umri.* Mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza na dhana kwamba ni bora akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano kwamba mama hayupo nyumbani kabisa, au mtoto ameumizwa kwake. Na hakuna sheria inayosema siku ya kutimiza miaka saba mtoto anahamia kwa baba. Baada ya hapo dhana inaisha tu. Mizani inabaki maslahi ya mtoto.

*Utulivu.* Sheria zote mbili zinaonya dhidi ya kumhamisha mtoto ovyo. Kama mtoto ameishi kwako miaka mitatu, shule iko jirani na anaendelea vizuri, hiyo ni hoja nzito kuliko nyumba kubwa ya mwenzako.

*Maoni ya mtoto.* Akiwa na umri wa kujieleza atasikilizwa, mara nyingi chemba, yaani ofisini kwa hakimu, bila wazazi.

*Ndugu.* Sheria ya Mtoto inaona ni vema ndugu wakae pamoja, ingawa Sheria ya Ndoa inaruhusu kila mtoto aangaliwe peke yake.

*Mila.* Mahakama inaweza kuzizingatia, lakini haziwezi kushinda maslahi ya mtoto. "Watoto ni wa ukoo wetu, mahari ililipwa" si jibu la swali la nani atamlea.

*Fedha.* Kipato kidogo hakikuondoi. Ndiyo maana matunzo yapo: mmoja anakaa na mtoto, mwingine analipa.

6. Lipia, fungua, hakikisha wito umefika.

Utapewa namba ya malipo ya serikali; lipa kwa simu au benki, tunza risiti. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu kwa ajili ya kufungua. Kisha wito unapelekwa kwa mwenzako. Toa anwani inayofikika: mtaa, jina la mwenyekiti, mahali pa kazi, namba ya simu. Mashauri mengi hukwama mwezi mzima hapa kwa sababu mdai aliandika "anaishi Mbagala" basi.

7. Omba amri ya muda siku ya kwanza.

Shauri linaweza kuchukua miezi. Mahakama ina uwezo wa kuamuru matunzo wakati shauri linaendelea, na kusema mtoto akae wapi kwa sasa. Usipoomba hupati, na miezi hiyo mtoto atakuwa amekula kwa mkopo.

8. Mpokee afisa ustawi nyumbani.

Mahakama ikiagiza ripoti ya uchunguzi wa kijamii, afisa atatembelea nyumba zote mbili, atazungumza na mtoto, majirani na mwalimu. Usipambe nyumba wala kuazima kitanda. Muonyeshe mtoto anapolala, madaftari yake, anayebaki naye ukiwa kazini. Kama chumba ni kimoja sema ni kimoja. Ripoti zinazoharibika ni zile ambazo mzazi alisema jambo moja na jirani akasema lingine.

9. Siku ya kusikilizwa.

Leta mashahidi wawili au watatu wanaomjua mtoto: mwalimu, jirani, ndugu anayesaidia kulea. Shahidi anayejua ugomvi wenu tu mwache nyumbani. Jibu unachoulizwa. Ukiulizwa "Baba anampenda mtoto?" na jibu la kweli ni ndiyo, sema ndiyo. Hakimu anapima pia nani ataruhusu mtoto ampende mzazi wa pili.

10. Isome amri, chukua nakala.

Kabla hujatoka eneo la mahakama omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na amri. Kagua: majina ya watoto yote yapo na yameandikwa sawa? Kiasi, tarehe na njia ya kulipa vimetajwa? Ratiba ina siku na saa? Kama kuna kosa la uandishi, omba lirekebishwe mapema. Kama huridhiki na uamuzi wenyewe, rufaa katika mashauri ya ndoa ina ukomo wa siku 45 tangu siku ya uamuzi, kwa hiyo usikae ukisubiri nakala. Iombe kwa maandishi siku ileile ili uwe na ushahidi.

Makosa yanayogharimu zaidi

*Kumchukua mtoto kwa nguvu au kwa hila.* Kumtorosha shuleni, au kumbakisha kijijini baada ya likizo. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa anayemtunza kihalali. Hata kama ungeshinda, umempa mwenzako ushahidi ambao hakuwa nao.

*Kumnyima mzazi kumwona mtoto kwa sababu hajalipa.* Na kinyume chake, kuacha kulipa kwa sababu umezuiwa kumwona. Hizi ni amri mbili tofauti, na zote ni haki za mtoto. Kila moja ina njia yake ya kulalamikiwa. Hazikatwi kwenye nyingine.

*Kulipa mkononi.* Tuma kwa simu au benki, andika kwenye maelezo "matunzo ya" na jina la mtoto na mwezi. Ukinunua unga na sare badala ya fedha, iwe mmekubaliana kwa maandishi. Baba wengi wanaolipa kweli hushindwa kuthibitisha hata mwezi mmoja.

*Kumfundisha mtoto maneno.* Mtoto wa miaka nane anayesema "baba yangu hana uwezo wa kunilea kimaadili" anajulikana papo hapo. Zaidi ya kuharibu ushahidi, unambebesha mtoto mzigo wa kuchagua kati ya watu wawili anaowapenda.

*Kuacha kazi ili kipato kionekane kidogo.* Mahakama huangalia uwezo na mali pia, siyo hati ya mshahara ya mwezi huu tu.

Mambo yakikwama

Haji mahakamani. Hakikisha kuna ushahidi kuwa wito ulimfikia. Ukiwepo, omba shauri lisikilizwe upande mmoja. Kama hajulikani aliko, omba ruhusa ya kumpelekea wito kwa njia mbadala, kama kuubandika kwake pa mwisho au kuutangaza gazetini.

Amri ipo, halipi. Usiache deni lirundikane mwaka mzima. Mwezi wa kwanza ukipita, andika orodha ya miezi na kiasi, ambatisha taarifa ya miamala ya simu yako, rudi mahakama ileile uombe utekelezaji. Mahakama inaweza kuagiza makato kupitia mwajiri au kukamata mali. Kwa aliyejiajiri, taja mali mahususi: pikipiki, chombo cha biashara, kodi ya nyumba anayopokea.

Anasema mtoto si wake. Omba mahakama iagize kipimo cha vinasaba. Hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia vyombo kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Usiende ukitegemea kupimwa kwa kujitokeza mwenyewe.

Hali imebadilika. Umepoteza kazi, mtoto amepata ugonjwa wa kudumu, ada imepanda, mwenzako amehamia mkoa mwingine. Amri za watoto hubadilishwa. Peleka maombi ya mabadiliko na ushahidi wa kilichobadilika. Usijipunguzie kiasi mwenyewe. Deni linaendelea kuhesabiwa kwa amri ya zamani hadi hakimu aseme vinginevyo.

Mtoto ametimiza miaka 18 na bado anasoma. Kwa kawaida amri inakoma hapo, lakini Sheria ya Mtoto inaruhusu mahakama kuendeleza matunzo kwa aliye masomoni au mafunzoni. Omba kabla hajatimiza 18, ukiambatisha barua ya udahili na mchanganuo wa ada.

Bibi ndiye anayekaa na mtoto. Ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuomba matunzo dhidi ya wazazi, na afisa ustawi wa jamii pia anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto. Bibi aanzie ofisi ya ustawi akiwa na barua ya mtaa inayothibitisha kwamba mtoto anaishi kwake na tangu lini.

Anakataa kumrudisha mtoto baada ya likizo. Siku ileile mwandikie ujumbe wa simu, mtulivu, ukitaja amri na tarehe aliyotakiwa kumrudisha. Utunze ujumbe na jibu lake. Kesho yake nenda ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto na nakala ya amri, na sambamba peleka maombi mahakama iliyoitoa. Usiende na kundi la ndugu kumchukua kwa mabavu, hata kama amri iko mfukoni mwako.